Mgonjwa wa Saa Nane

Mtu wa kwanza kugundua ugonjwa wa Sittina ni mimi, si daktari. Niligundua mwaka 1983, na sikumwambia mtu, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa unaniingizia faida.

Siku hizo nilikuwa nauza shiromani, zile shuka ambazo mwanamke wa Mutsamudu hatoki nje bila kujitanda. Nilikuwa na duka Moroni, karibu na soko la zamani, na kila mwezi nilivuka na mizigo mpaka bandari ya Mutsamudu, kisiwani Anjouan. Sittina alikuwa mnunuzi wangu mkubwa huko. Alinunua kwa jora, akauza kwa kipande ukumbini kwake, katika nyumba ya mawe aliyopewa na mama yake ndani ya mji wa kale. Mara ya kwanza nilimwendea saa mbili asubuhi. Nilitoka saa nne bila faida, bila nauli, na kwa namna ambayo mpaka leo siielewi, nikiwa nimemwachia na mkasi wangu.

"Bweni," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita mwanamke wa heshima, "kwa bei hiyo hata aliyeniuzia mimi angelia."

"Basi ulinunua vibaya, mtu wa Majunga. Kosa lako nililipe mimi?"

Mtu wa Majunga ni mimi, kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa waliorudishwa kutoka Madagaska mwaka 1977, kila mmoja na furushi lake. Visiwani neno hilo husemwa nusu kwa huruma na nusu kwa kushika mfuko.

Mara ya tatu meli ilichelewa, nikafika kwake saa nane mchana. Nilimkuta mtu mwingine. Kope zimemwangukia kama pazia lililokatika uzi, ya kushoto chini kuliko ya kulia. Sauti inatokea puani, nyembamba, inakatika katikati ya neno. Nikataja bei ambayo ningeona haya kuitaja mbele ya watu. Akanitazama kwa jicho lile moja lililobaki wazi, akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu kukataa kunahitaji maneno na maneno yalikuwa yamemwishia. Tangu siku hiyo meli yangu ikawa inachelewa kila mwezi. Mambo ya bahari hayo.

Ndugu zake walisema ni jini. Wakamwita fundi wa majini, akala mbuzi, akala na wa pili, akatangaza kwamba jini huyu huingia adhuhuri na kutoka alfajiri. Jini pekee Anjouan mwenye saa za kazi, na wala hachelewi.

Mwaka 1985, kwenye harusi moja mjini Ouani, tonge la wali lilimkaba Sittina. Halikushuka wala halikurudi. Wanawake walimpiga mgongoni mpaka likatoka, wakampeleka hospitali na hina zao mikononi. Bahati yake, alikuwepo daktari mgeni wa kupita tu, aliyewahi kuona mgonjwa mmoja wa namna hiyo kwao katika miaka ishirini. Akamwambia atazame dari na ahesabu mpaka mia. Alipofika arobaini kope zikashuka. Alipofika sitini sauti ikabaki mvumo wa nyuki. Daktari akafurahi sana, kama mtu aliyeokota sarafu ya zamani, akamweleza: ugonjwa huu ni adimu, mishipa inatuma amri na misuli inachoka kuipokea. Asubuhi iko sawa, na kadiri siku inavyokwenda inagoma.

"Kama ofisi zetu," alisema Sittina alipopata tena sauti.

Dawa ya kumponya hakuna. Vipo vidonge, vitano kwa siku, maisha yote. Akivimeza anakula, anasema, anapumua. Akivikosa, siku moja pumzi nayo itagoma kama kope. Na vidonge hivyo visiwani havikuwepo. Vilitoka Reunion.

Hapo nikaingia tena mimi, kwa kuwa nilikuwa na jamaa Reunion na meli zangu zilijulikana. Nilileta vidonge kila mwezi, na nilichukua sehemu yangu. Anayenikunjia uso aende akavilete yeye bure. Sittina alilipa kwa bangili zake za dhahabu, moja moja. Nilipokuwa nikiingia kwake, wakati wengine wanauliza hali, mimi nilitazama mkono. Mwisho wa 1986 zilikuwa zimebaki mbili.

Na mwaka huo ndipo bima ilipotufikia.

Mfuko ule wa afya ulikuwa na makao Moroni na tawi Mutsamudu, karibu na bandari. Mkurugenzi wake, Mesie Garnot, alikuwa mmoja wa wale wazungu, askari wa kukodiwa, waliokuja na bunduki mwaka 1978 wakaipindua serikali. Wenzake walibaki na magwanda yao kambini. Yeye aliyavua, akavaa tai, akaonekana anafaa kusimamia afya za watu. Mtu aliyekuwa akilipwa kwa ajili ya vifo sasa analipwa kwa ajili ya uhai, na kwa uzoefu wake alijua kwamba katika kazi zote mbili jambo la kwanza ni kuchagua nani.

Mume wa Sittina, Saïndou, alikuwa karani wa mizigo bandarini, na waajiri wake wakamwingiza katika Mfuko. Kila mwezi mchango ulikatwa kwenye mshahara kabla hajauona, na fomu ilisema kwamba mke na watoto watatibiwa na kupewa dawa. Saïndou, mtu mpole, mwaminifu kupita kiasi kwa mtu wa bandarini, akaja nyumbani na fomu ile kama mtu aliyebeba mahari.

Kwanza ilitakiwa Sittina apimwe na daktari wa Mfuko. Daktari huyo aliwaona wanachama kuanzia saa moja na nusu asubuhi, na saa tatu alikuwa ameshafunga, ana shughuli zake. Sittina akaenda saa moja na nusu, macho makavu, sauti kama kengele, akamweleza ugonjwa wake kwa ufasaha kiasi kwamba daktari akaandika: *Mzima wa afya.*

"Niite saa nane mchana utauona," alimwambia.

"Saa nane mimi sipo, bweni. Ugonjwa uje saa za kazi."

Mara ya pili akapeleka karatasi ya yule daktari mgeni. Daktari wa Mfuko akaisoma, akasema ya mgeni ni ya mgeni, akampima, akaandika tena: *Mzima wa afya.* Mara ya tatu Sittina akaamua kuuchosha mwili makusudi. Hakumeza kidonge, na alfajiri akapanda ngazi za ngome, zile mamia ya ngazi zinazotoka mjini mpaka juu kwenye mizinga ya kale, akapanda na kushuka, ili afike kwa daktari kope zikiwa chini. Alifika kope zikiwa chini kweli. Lakini alifanya kosa la kumwambia kwa nini.

"Umepanda ngome asubuhi hii?"

"Mara mbili."

"Mimi siwezi hata mara moja," akasema daktari, akachukua kalamu: *Mzima wa afya. Ana nguvu kuliko kawaida.*

Saïndou akakata rufaa kwa barua. Jibu lilipokuja halikugusa ugonjwa hata kidogo. Mfuko ulikuwa umepata sababu nzuri zaidi. Tukaenda tawini wote watatu, Saïndou, Sittina na mimi, maana zile bangili mbili zilikuwa zinanihusu. Karani wa tawi alikuwa Fakri, kijana wa hapohapo mjini, aliyenyoosha fomu mezani kama anayekunjua sanda.

"Soma hapa," alimwambia Saïndou. "Mtegemezi ni mke anayeishi katika nyumba ya mwanachama. Sasa soma ulichoandika wewe."

Saïndou akasoma alichoandika kwa mwandiko wake mzuri: *Naishi katika nyumba ya mke wangu Sittina, aliyopewa na mama yake, naye mama akapewa na mama yake.*

"Kuna uongo hapo?" akauliza.

"Hakuna. Ndiyo tabu yenyewe. Yeye haishi kwako. Wewe unaishi kwake."

Msomaji wa mbali inabidi aelezwe. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Baba akizaa binti huanza kutafuta mawe, na mume siku ya ndoa huletwa kwa mkewe kwa ngoma, na siku ya talaka huondoka na sanduku lake bila ngoma. Mwanamume anayejigamba ana nyumba huonekana hana mke. Sheria ya Mfuko ilinakiliwa kutoka Ufaransa na watu ambao hawakuuliza mume wa Mutsamudu analala wapi. Saïndou angeandika kwamba nyumba ile ni yake, angekuwa ametukana mama mkwe, bibi mkwe, na makaburi matatu.

"Fakri, mwanangu," nikamwambia, "wewe unakaa wapi?"

"Kwa mke wangu."

"Mkeo ana kadi ya Mfuko?"

"Anayo."

"Kwenye fomu uliandika nini?"

Fakri akatazama dirishani. "Niliandika namba ya sanduku la posta."

Lakini fomu ya Saïndou ilikuwa imeshapigwa muhuri Moroni. Fakri alisema njia ipo, nyepesi: leteni karatasi ya kadhi kwamba Sittina amempa mumewe nyumba, kaka yake Sittina ashuhudie, kadi itatoka ndani ya wiki mbili.

Nyumbani Saïndou alilizunguka jambo hilo kama paka na maji. "Ni karatasi tu, mama Mounira. Nani atakufukuza? Mimi?"

"Karatasi tu ndiyo iliyoninyima dawa," akasema Sittina. "Zinajua kazi, karatasi."

"Unadhani nitaoa mwingine nimlete humu?"

"Sidhani. Lakini ukifa, ndugu zako watadhani kwa niaba yako. Mounira binti yangu ataingia wapi?"

"Na usipopata vidonge, Mounira atakuwa na nyumba na hana mama."

Ilikuwa saa tisa, na alikuwa amegawanya vidonge vyake nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Alitaka kujibu, taya likaning'inia, akalishika kwa kiganja kulisaidia kufunga. Kwa kichwa akasema hapana. Saïndou akatoka nje akasimama kichochoroni.

Mimi nilibaki na karatasi zilizotapakaa mkekani. Sitaki kudanganya kwamba niliguswa. Nilikuwa nawaza kwamba bangili zikiisha, mteja ataisha, na nikaanza kuzipanga karatasi kwa mazoea ya mtu anayetafuta kosa katika ankara. Hapo nikaziona tatu za daktari wa Mfuko, zimekunjwa kwa hasira.

"Bweni, hizi ulitaka kuzichana?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Zitunze kama dhahabu. Kesho asubuhi nitakuja tuzungumze."

Kosa langu ni hilo. Ningezungumza saa tisa ileile. Nikaja saa mbili asubuhi.

Nikamweleza. Mfuko hauchukui wafanyakazi wa bandari peke yao. Unachukua mtu yeyote aliyeajiriwa na mfanyabiashara mwenye leseni, maadamu daktari wa Mfuko amethibitisha ni mzima. Mfanyabiashara mwenye leseni ni mimi. Wewe unazo si karatasi moja ya uzima, unazo tatu, na moja inasema una nguvu kuliko kawaida. Nitakuajiri uendeshe duka nitakalofungua hapa Mutsamudu. Utakuwa mwanachama kwa jina lako, katika nyumba yako. Na anayeishi katika nyumba yako ni nani? Saïndou. Mtegemezi ni yeye.

Sittina alicheka mpaka akashika kope zake. Kisha akaacha kucheka, na mimi nikajua nimekwisha.

"Mchango nani atalipa?"

"Tutagawana."

"Utalipa wewe. Na mshahara?"

Tukapanda tukashuka. Alipata mshahara aliotaka, akapata Ijumaa yake, akapata kwamba nisije kufanya naye biashara baada ya adhuhuri. Lo, alikuwa anajua miaka yote.

"Ulijua, na ukanyamaza?" nilimuuliza.

"Ningesema nini, na sauti sina?" Akanijazia chai. "Bado moja. Andika: siku Mfuko ukiacha kulipa, kwa sababu yoyote, mwajiri ataleta vidonge kwa gharama yake mwenyewe, maisha yangu yote."

"Hilo zito, bweni."

"Kwa nini? Kwani Mfuko utaanguka?"

Nikafikiri. Mkurugenzi ni mtu wa wale wazungu, wale wazungu ndio wenye bunduki, na mwenye bunduki ndiye mwenye nchi. Mfuko ule ungeanguka vipi? Nikaandika na kutia sahihi. Niliona nimemuuzia kivuli cha mlima.

Mikataba ya wafanyabiashara ilisainiwa Moroni na Mesie Garnot mwenyewe. Sittina na Saïndou walipanda ndege ndogo ya asubuhi kutoka Ouani, nikawapokea. Mkurugenzi alikuwa na meza kubwa, na juu yake karatasi chache na kisu cha kufungulia barua kilichokuwa zamani kisu cha kazi nyingine. Alizisoma karatasi tatu za daktari wake mwenyewe, akaridhika kama mtu anayesoma sifa zake. Akafika kwenye jina la mtegemezi, akamtazama Saïndou.

"Wewe ni mwanamume mzima, una mshahara. Unakubali kuandikwa mtegemezi wa mkeo?"

"Naishi kwake," akasema Saïndou. Nadhani ni mara ya kwanza ukweli wake kumsaidia ofisini.

"Basi kanuni imetimia." Akatia sahihi.

Mwezi uliofuata Sittina akapeleka dai la kwanza la vidonge, na karatasi ya yule daktari mgeni juu yake. Wiki moja baadaye tukaitwa Moroni, na safari hii Mesie Garnot hakutuambia tukae.

"Bibi huyu alikuwa mgonjwa kabla ya kujiunga. Mwaka mzima kabla."

"Nilisema hivyo mara tatu," akajibu Sittina. "Daktari wako akakataa mara tatu. Mimi ni nani nibishane na daktari?"

"Mnanichezea."

"Hapana, mesie. Kama daktari alikosea, kosa ni la Mfuko, na nilinyimwa haki yangu mwaka mzima, mtanilipa nyuma. Kama hakukosea, nimeugua baada ya kujiunga, mtanilipa mbele. Mimi nakubali lolote utakalochagua."

Mesie Garnot akazipitia tena zile karatasi tatu za daktari wake. Alikuwa mtu wa vita, na mtu wa vita akivamiwa kichakani anajua upesi kama kuna njia ya kutoka. Akachagua mbele. Alipomrudishia dai lililotiwa sahihi alimwambia jambo kwa Kifaransa ambalo sikulielewa, na Sittina akamshukuru kwalo, kwa hiyo huenda halikuwa tusi, au huenda naye hakulielewa.

Kwa zaidi ya miaka miwili Mfuko ulilipa. Sittina aliongoza duka kuanzia asubuhi mpaka alasiri, sauti yake inasikika kichochoro kizima, na wachuuzi wa kutoka vijijini waliokuwa wakinipunja mimi walitoka kwake wakijipapasa kuona wamebaki na nini. Saïndou aling'olewa meno mawili na kupewa miwani kwa kadi ya mkewe, maana yake mwenyewe haikuwahi kutoka. Makuli wa bandarini walimwita Mtegemezi. Alipoitwa aliitikia, akawatazama wazi kabisa kwa miwani yake mipya, kisha akawaandikia mizigo yao.

Mwisho wa 1989 rais aliuawa, na Desemba wale wazungu wakapakiwa ndege wakaondoka. Mesie Garnot aliondoka nao. Januari nilikwenda makao ya Mfuko nikakuta mlango umetiwa mnyororo, na nje wanachama wamesimama na kadi zao mikononi kama watu waliokuja kwenye harusi ambayo bwana harusi ametoroka. Michango ilikuwa imekatwa mpaka Desemba hiyohiyo. Hilo lilifanywa kwa uangalifu mkubwa.

Sittina hakunipigia kelele. Aliniletea mkataba wangu tu, asubuhi.

Miezi mitano nilileta vidonge kwa gharama yangu, na kila kikopo kilinichoma mfukoni. Nikatafuta pa kutokea. Mwezi wa sita yeye mwenyewe akanipa: tuchane kile kifungu, nami nimpe nusu ya duka la Mutsamudu, kwa maandishi. Vidonge atajinunulia.

Nikapiga hesabu. Nitawaambia hesabu niliyopiga, maana nimeshasema sitaki kudanganya. Vidonge ni vya maisha yake yote, na nusu ya duka ni ya mara moja. Lakini nilijiambia pia kwamba mtu mwenye ugonjwa adimu kama ule, visiwani kwetu, maisha yake yote si marefu. Nikaona nikibaki na kifungu nitalipa miaka michache tu. Nikakataa. Nikaona nimeshinda.

Akanitazama, akasema, "Sawa, mtu wa Majunga."

Huo ulikuwa mwaka 1990. Duka bado ni langu lote, na faida yake nyingi inakwenda Reunion na kurudi ndani ya vikopo. Saïndou amekufa, Mungu amrehemu. Ndugu zake walifika siku ya arobaini wakatazama kuta, wakanywa chai, wakaondoka, kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya kuwasaidia. Mounira ameolewa ndani ya nyumba ya mama yake. Sittina ana nyumba, ana binti, ana sauti mpaka alasiri. Mimi nina umri wa miaka sabini na mmoja na nina shinikizo la damu, na daktari ameniambia nipunguze kubishana. Bima sina. Sittina ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na miwili, na juzi alinituma nimletee vya miezi mitatu kwa pamoja, ili kupunguza nauli.